Vitufe Vilivyohama Kwenye Dirisha la Damu

KUMASI. Dufie Antwiwaa amekaa kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, mkoba mapajani, macho kwenye dirisha la benki ya damu. Hana mgonjwa hapa. Waliokaa karibu naye wanadhani anaye, ndiyo maana mama mmoja amemkatia kipande cha bofrot, andazi la mviringo, ya moto na kumwambia, "Kula mwanangu. Hofu na njaa havikai tumbo moja."

Amekipokea, lakini hali. Ndani ya dirisha, Addai, mtaalamu wa maabara mwenye mabega mapana na sauti ya chini, anafuta skrini kwa kitambaa. Nyuma yake amesimama mkuu wake, Bi. Konadu, mikono kifuani, kama msimamizi wa mtihani. Alasiri ya leo kamati ya hospitali itakaa kuamua kama Addai afukuzwe kazi.

Kosa lake linajulikana hadi kwa wauza maji wa getini. Mara mbili mwezi huu, damu imetoka dirishani kwake ikiwa imeandikwa jina la mgonjwa mwingine. Mara zote mbili wauguzi wa wodini waligundua kabla ya kuitundika, wakairudisha mbio. Hakuna aliyedhurika, lakini mjini hapa habari ya damu haingoji maiti ndipo isambae.

Programu inayotumika kutoa damu hiyo imetengenezwa na Dufie. Hospitali imemwita aje aone kazi ya Addai kwa macho yake, kisha aiambie kamati kama mashine ni nzima. Akisema ni nzima, Addai hana pa kushika.

Anakuja mzee aliyevaa nguo nyeusi ya msibani, shuka moja lililozungushwa mwilini, bega moja wazi. Binti yake yuko chumba cha upasuaji. Addai anaigeuza skrini upande, ili mzee naye aone, kwa maana sheria ya dirisha hili ni kwamba ndugu lazima alione jina na kulikubali. Addai analisoma kwa sauti. Mzee anaitikia kwa kichwa: ndiye.

Addai ananyoosha mkono wa kulia, anaupitisha juu ya skrini nzima hadi ukingo wa kushoto, vitufe vilikopangwa kama vifungo vya shati, na anabonyeza kitufe cha Toa.

"Acha!" anapiga kelele Bi. Konadu.

Jina lililoko juu si lile lililosomwa. Ni la mgonjwa wa mstari wa chini yake, na lebo imeshaanza kutoka kwenye printa. Bi. Konadu anaichana kabla haijamaliza kutoka.

"Umeona mwenyewe, madam?" anamwambia Dufie kupitia kioo. "Umeona? Mtu amesoma jina kwa mdomo wake sasa hivi, halafu anatoa la mwingine! Huyu ana nini jamani?"

Addai anajifuta jasho. Mzee mwenye nguo nyeusi anawatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine, na kuuliza polepole, "Mwanangu, damu ya binti yangu ipo au haipo?"

"Ipo, Nana," anasema Addai, kwa neno la heshima kwa wazee. "Nisamehe. Ipo."

Dufie ameyaona yote hayo. Lakini ameona na jambo jingine, dogo, lililopita upesi kuliko kupepesa jicho. Kabla mkono wa Addai haujafika kwenye kitufe, mkono wa koti lake jeupe ulilamba katikati ya skrini, na mstari wa bluu ukateleza kwenda chini.

Dufie ana umri wa miaka thelathini na sita na anaishi kwa kutengeneza programu za kompyuta za mezani. Wenzake aliosoma nao wote wamekimbilia programu za simu, kwa kuwa huko ndiko vijana waliko. Yeye amebaki na wenye maduka ya dawa, wauza vipuri na hospitali. Ofisi yake ni chumba kimoja cha ghorofani mtaa wa Asafo, juu ya duka la vyuma, na dirisha lake halifungiki vizuri tangu lilipong'olewa na upepo.

Mwezi ukiwa mzuri hupata kama sedi elfu nne. Mwezi ukiwa mbaya hutengeneza printa za watu na kushukuru kwamba printa huharibika.

Wanaomfahamu humwita kwa jambo moja hasa: kupanga menyu na vitufe. Wapo mafundi wengi wanaoweza kuifanya kompyuta ihesabu, lakini Dufie ndiye huitwa watumiaji wanapolalamika kwamba programu ni nzuri ila haitumiki. Hukaa, hutazama, halafu huanza kuondoa. Menyu yenye amri ishirini huibakiza na sita. Vitufe vinavyobonyezwa kila saa huvileta juu mezani, vile vya mwaka mara moja huvipeleka ndani kabisa.

"Programu ni kama jiko la mtu," alilieleza gazeti hili. "Kila mtu ana mahali pake pa kuweka chumvi. Ukienda kumpangia mama mmoja jiko lake, atakushukuru sana. Halafu ukitoka tu, anaanza kuitafuta chumvi."

Kwa imani hiyo, programu zake za mwanzo zilimpa mtumiaji uhuru wote. Upau wa vitufe ungeweza kuburutwa na kubandikwa ukingo wowote wa skrini, juu au chini, kulia au kushoto. Kitufe usichokihitaji unakitoa, unachokihitaji unakiongeza. Addai, benki ya damu ilipoanza kutumia kompyuta, aliuburuta upau wake kulia siku ya kwanza na hakuugusa tena.

Uhuru nao una gharama. Simu zilikuwa haziishi. "Madam, vitufe vimepotea." Havijapotea; mtu ameviburuta hadi nje ya skrini na hajui pa kuvifuata. Kisha wakaguzi wa hospitali wakataka jina la mgonjwa liandikwe kwa herufi kubwa, lijaze sehemu yote ya juu. Dufie akachoka. Katika toleo jipya aliuhamishia upau ukingo wa kushoto, akaufunga pale usisogee, na akaiondoa kwenye menyu amri ya kuuhamisha. Watumiaji wote walipata mpangilio mmoja, na simu zikakoma.

Zilikoma zote isipokuwa moja. Addai alimpigia wiki ile ile.

"Madam, vitufe vyangu vimehama."

"Havijahama, kaka, vimepangwa upya. Kila mtu sasa ni kushoto."

"Kushoto kunanisumbua mkono."

"Utazoea tu."

Dufie anayakumbuka maneno hayo mawili vizuri kuliko angependa.

Kwa nini kushoto? Swali hilo hakujiuliza hadi asubuhi ile ya benchini, na jibu lake analo tangu utotoni. Dufie ni wa mkono wa kushoto. Alipoanza kushika kijiko, bibi yake aliufunga mkono ule kwa kitambaa hadi chakula kiishe. Shuleni mwalimu aliumalizia kwa fimbo. Leo hii akila, akitoa nauli, akipunga mtu au kumpokea mgeni, ni kulia, na hata majirani zake hawajui.

"Lakini nikiwa peke yangu na kompyuta, mkono hurudi kwao," anasema, na anacheka kidogo bila furaha. "Nani ananiona?"

Hakuna aliyemwona. Alipoijaribu programu mpya kwenye skrini ya kugusa, mlango umefungwa, alibonyeza vitufe vya kushoto kwa mkono wa kushoto, na mkono wake haukupita juu ya kitu chochote. Kila jaribio likafaulu.

Dirishani mambo ni mengine. Hakuna mtu Kumasi atakayemkabidhi mzee wa watu damu ya mtoto wake huku akibonyeza kwa mkono wa kushoto mbele ya macho yake. Na skrini za hospitali hii ni za mtumba, za aina ya zamani inayoitikia chochote kinachoikandamiza, kiwe kidole, kalamu au upindo wa koti.

Saa ya chakula, dirisha lilipofungwa, Dufie aliomba kukaa kwenye kiti cha Addai. Alifungua majina ya majaribio. Akabonyeza kwa kushoto: jina likabaki. Akaangalia mlangoni, akavaa koti la maabara lililokuwa limetundikwa, akabonyeza kwa kulia: jina likabaki. Moyo ukapata nafuu kidogo, na anakiri kwamba nafuu ile ilimtia haya. Akageuza skrini upande kama inavyogeuzwa kwa ndugu, akanyoosha tena mkono wa kulia. Jina likaruka.

Alirudia mpaka ikawa hakuna haja ya kurudia. Si kila mara, lakini mara nyingi vya kutosha kuua mtu.

Alimkuta Addai nyuma ya jengo, sahani ya waakye, wali wa kunde, mbele yake, yai halijaguswa.

"Kwa nini hutumii mkono wa kushoto?" alimuuliza, hata salamu akaisahau.

Addai alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini hatembei uchi. "Madam, umeniona mimi sina mama aliyenifunza? Mtu amekuja kuniomba uhai wa binti yake, mimi nimbonyezee kwa kushoto?"

"Na ile mara ya kwanza, ulikuwa na nani dirishani?"

"Bibi mmoja. Mara ya pili, mchungaji." Alisukuma sahani. "Wanasema nimelewa. Sijawahi kuonja hata bia ya harusini. Mke wangu mwenyewe juzi kaninusa mdomo, akidhani nimelala. Madam, na mimi sasa nimeanza kujiogopa. Nalisoma jina, nalisoma tena, nabonyeza, linakuwa lingine. Labda kweli kichwa kina kitu."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kumwambia. Dufie hakumwambia. Simu yake ilikuwa inatetemeka mkobani, na alishukuru kupata sababu ya kuondoka.

Aliyepiga ni mjomba wake, Wofa Asenso, mwenye chumba kile cha Asafo na mshauri wake katika kila jambo. Alijua siku hiyo ni siku gani. Hospitali nyingine tatu za kanisa linalomiliki hospitali hii zilikuwa zikisubiri kikao kiishe ili zichukue programu ya Dufie. Ingekuwa kazi ya miaka, ofisi yenye dirisha linalofungika, na msaidizi wa kuajiri.

Dufie alimweleza yote aliyoyaona.

"Mwanangu, usiseme uongo," alisema mjomba. "Lakini si kila ukweli una haraka. Waambie mashine ni nzima, maana kweli haijaharibika. Usiku huu uhamishe hivyo vitufe kulia. Kesho hakuna kosa tena."

"Na Addai?"

"Kijana msomi yule. Atapata kazi kwingine."

"Kwa jina gani, Wofa? La aliyetoa damu ya watu ovyo?"

Mjomba akamuaga kwa kumwombea. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakuwa na hospitali tatu zinazosubiri.

Kamati ilikaa katika chumba cha mikutano cha kasisi wa hospitali. Mwenyekiti wake ni Nana Bediako, mzee wa kimila wa eneo hilo, mtu asiyepandisha sauti kwa kuwa hajawahi kulazimika. Bi. Konadu alisoma maelezo yake, na kosa la asubuhi akaliongeza kwa mdomo. Addai alipoulizwa kama ana la kusema, alisema hana, ila anaomba radhi kwa wale wagonjwa wawili na kwa mzee wa asubuhi.

Nana akamgeukia Dufie. "Binti yangu, tumekuita kama fundi. Umekaa dirishani asubuhi nzima. Hii mashine yako ni nzima, au si nzima?"

"Nana," Dufie alisema, "programu inafanya kile ilichoagizwa kufanya."

"Basi." Nana aliikunja miwani yake. "Tumesikia."

Neno lilikuwa limetoka, lilikuwa kweli, na lilikuwa limemmaliza mtu. Upande wa pili wa meza, Addai alianza kukivua kitambulisho chake shingoni. Kamba ilinasa sikioni, akainasua taratibu, akakiweka mezani mbele ya Bi. Konadu, uso wa picha ukitazama chini, ili wasipate taabu ya kumwomba.

"Nana, naomba radhi. Sijamaliza."

"Si umesema inafanya ilivyoagizwa?" aliuliza Bi. Konadu.

"Iliagizwa vibaya, Mama. Na aliyeiagiza ni mimi. Naomba ile skrini iletwe hapa."

Ikaletwa, na nyaya zake. Dufie alimwomba Bi. Konadu mwenyewe avae koti la Addai, achague jina la kwanza, abonyeze Toa kwa mkono wa kulia.

"Mimi mkono wangu hauna pombe," alisema Bi. Konadu, akabonyeza. Jina likabaki pale pale. Akabonyeza tena. Likabaki. Kasisi akakohoa. Mhasibu wa hospitali akatazama saa ya ukutani.

"Mara nyingine tena, Mama, tafadhali."

Likabaki.

"Binti," alisema Nana kwa upole, na upole wake ulitisha kuliko ukali, "huruma ni jambo jema. Lakini hatutacheza na damu za watu kwa ajili ya huruma."

Dufie alimtazama Bi. Konadu alivyosimama wima, skrini ikimwelekea yeye peke yake, na akaona kinachokosekana. Hapakuwa na mgonjwa. Hapakuwa na ndugu.

"Nana, nakuomba ukae hapa mbele yake. Wewe ndiye mwenye mgonjwa. Mama, mgeuzie Nana aone jina."

Nana aliinuka, akaikusanya nguo yake begani, akakaa. Bi. Konadu akaigeuza skrini upande, akalisoma jina, na kwa kuwa mbele yake sasa alikuwa Nana, aliinamisha kichwa kidogo kwa heshima na kuupitisha mkono mbali na uso wake, chini chini, karibu na kioo. Upindo wa koti ukalamba skrini. Jina likaruka.

Bi. Konadu aliutazama mkono wake kama umemsaliti.

"Rudia," alisema Nana.

Likaruka tena.

"Sasa nieleze jambo moja," Nana alimwambia Dufie. "Wewe fundi, uliijaribu hii kabla hujatuletea. Kwa nini hukuliona?"

Dufie aliiona njia ya mkato imefunguka mbele yake. Angeweza kusema skrini ni za mtumba, kwamba hospitali ilibana matumizi, na wote wangeitikia kwa vichwa. Badala yake aliinuka.

"Samahani kwa mkono wa kushoto, Nana," alisema, akaunyoosha mbele ya wazee, akakibonyeza kitufe kwa mkono uliozoea. Jina halikutikisika. "Mimi ni wa kushoto. Najificha, lakini ndivyo nilivyo. Niliipanga kwa mkono wangu, nikaijaribu kwa mkono wangu, halafu nikaufunga upau watu wengine wasiweze kuuhamisha."

Kasisi alitazama pembeni. Nana alikaa akiutazama mkono ule kwa muda, kisha pembe za mdomo wake zikalegea.

"Kwa hiyo siku zote hizi umekuwa ukitupa damu kwa kushoto, sisi hatujui?"

"Ndiyo, Nana."

"Ukae. Umeshatuhudumia nao, hatuwezi kuukasirikia leo."

"Kuna moja zaidi, Nana. Addai alinipigia simu vitufe vilipohama. Aliniambia vinamsumbua mkono. Nikamwambia atazoea."

Bi. Konadu alimgeukia Addai kwa ukali, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Na wewe! Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ningekuambia nini, Mama?" alisema Addai. "Kwamba mtu mzima nimeshindwa kuzoea vitufe?"

Addai alirudishiwa kitambulisho pale pale mezani. Hukumu ya Dufie ilichukua muda mrefu zaidi. Programu yake iliondolewa dirishani hadi irekebishwe na kukaguliwa na fundi mwingine, na damu ikarudi kutolewa kwa karatasi. Zile hospitali tatu ziliandika barua fupi ya kushukuru na kusema zitafikiria baadaye. Kila mtu mjini anajua maana ya baadaye.

Mwandishi alipomtembelea Asafo, alikuwa kazini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye kipanya, mlango wazi kwa sababu ya joto, na hakuuondoa mgeni alipoingia.

Alionyesha alichokibadilisha. Amri ya kuhamisha upau imerudi kwenye menyu, na mpangilio wa kila mtumiaji humfuata anapoingia kwa jina lake, wala haumbakii anayefuata. Upau ukiburutwa nje hurudi wenyewe. Jina la mgonjwa likishakubaliwa na ndugu hufungwa, hata skrini ikipigwa kofi halibadiliki. Kitufe cha Toa hukaa kimefifia, hakibonyezeki, hadi jina lifungwe. Na kila mtu anapoanza kazi kwa mara ya kwanza, programu humuuliza anatumia mkono gani.

"Zamani nilikuwa nikifunga vitu ili nisipigiwe simu," anasema. "Sasa nataka nipigiwe. Mtu akiniambia kitufe kimemsumbua, nakwenda kukaa kwenye benchi."

Ukaguzi wa fundi mwingine umekamilika, na hospitali imeahidi kuirudisha programu dirishani. Kwa Dufie, hilo lingekuwa mwisho wa habari. Addai ndiye aliyemwambia kwamba bado.

Walikutana getini. Addai alimshukuru, na shukrani yake ilikuwa ya kweli, lakini hakuwa mtu wa kuficha. "Kazi wamenirudishia," alisema. "Jina je? Watu wanafika dirishani, wakiniona wanauliza yule mwingine yuko wapi. Kamati ilikaa ndani, mlango umefungwa. Waliosikia ni watu watano. Waliosikia nimelewa ni Kumasi nzima."

Anayeumia zaidi ni mama yake, Maame Nyarkoaa, anayepika koko, uji mchachu wa nafaka, na kuuuza mlangoni mwa nyumba ya kupanga anamoishi. Wateja wake wa miaka wamehamia mtaa wa pili. Wapangaji wenzake wakimwona hushusha sauti, halafu huipandisha makusudi: "Mtoto wa mtu akilewa kazini, uji wa mama yake nao una usalama gani?" Mwanamke huyo, ambaye zamani ulimi wake ulikuwa ukimnyamazisha kila mgomvi wa uani, siku hizi huchota maji yake na kuingia ndani.

Dufie aliposikia hayo alimwendea Wofa Asenso. Safari hii hakwenda kuomba ushauri.

"Wofa, Jumapili utanipeleka nyumbani kwa kina Addai. Utasema kwa niaba yangu kama desturi inavyotaka, na chupa ya pombe ya kuombea radhi nitanunua mimi."

"Tukaombe radhi ya nini?" aliuliza mjomba. "Si ulishasema kwenye kamati?"

"Kamati haikutukanwa. Aliyetukanwa ni mama yake."

Mjomba alijikuna kidevu, akasema suti yake inahitaji pasi. Ndiyo ikawa amekubali.

Dufie ana matumaini kwamba chupa itapokelewa, kwa kuwa chupa ikishapokelewa, neno limekwisha na hakuna jirani mwenye haki ya kulifufua. Ana hofu pia. Familia inaweza kuikataa, na akikataliwa amejiandaa kurudi Jumapili nyingine, na nyingine. "Sitasema programu ilikosea," anasema. "Programu haina mama. Nitasema mimi."

Alimwomba Addai amfikishie mama yake ujumbe, amuulize kama anaweza kuwapokea wageni, na kama angependa mazungumzo yafanyike faragha, chumbani, asije akaaibika zaidi. Jibu lilikuja kwa simu, Addai akilirudia neno kwa neno, na nyuma yake ilisikika sauti ya mwanamke akimsahihisha.

"Mama anasema waje. Lakini waje mapema, kabla wapangaji hawajatoka kwenda kanisani. Na huyo dada akae uani, siyo chumbani, na aseme kwa sauti."